Leaf ya Mtumba: Anza na Betri

Nissan Leaf iliyotumika Japani inaposhushwa Mombasa, mnunuzi hukimbilia kutazama rangi na kilomita. Lakini kwenye gari la umeme kama hili, betri ndiyo bei. Dashibodi ya Leaf ina vipau 12 vya afya ya betri. Cha kwanza kikizimika, takriban asilimia 15 ya uwezo imeshakwenda. Betri hiyo haipozwi kwa maji, hivyo joto huichosha upesi. Tena, wajanja huweza kuvirudisha vipau hivyo vyote ingawa betri imechoka. Basi fundi aisome betri kwa kompyuta, kisha liendeshe gari mpaka chaji ishuke sana. Betri ile ndogo ya volti 12 nayo ikifa, gari haliwaki ng'o. Na tundu la chaji ya haraka ni CHAdeMO: ulizia chaja yake mjini kwenu kabla ya kulipa.