Uhasibu Machoni pa Mwalimu wa Sekondari

Mada kwa wakuu wa shule na walimu wa ushauri na unasihi, Babati Mjini



Mwanafunzi anapochagua masomo yatakayomwelekeza kwenye kazi, sauti anayoisikia baada ya ile ya mzazi ni ya mwalimu. Mwalimu akiisifu taaluma, mwanafunzi hodari huifuata. Akiibeza, huiacha hata kama angeimudu. Kwa hiyo mtazamo wa mwalimu kuhusu uhasibu si jambo lake binafsi.

Wala si jambo la Tanzania peke yake. Mwaka 2000 watafiti Hardin, O'Bryan na Quirin walichapisha maoni ya walimu wa sekondari wa Marekani, wakiulinganisha uhasibu na uhandisi, sheria na udaktari. Uhasibu ulipewa hadhi ndogo kuliko taaluma hizo. Utafiti wa Wells na Fieger wa mwaka 2006, nchini New Zealand, ulipata jibu linalofanana na hilo.

Hapa nchini dharau hiyo ina mizizi miwili. Wa kwanza ni mazoea ya kuyahesabu masomo ya biashara kuwa kimbilio la walioshindwa sayansi. Wa pili umo ndani ya ofisi ya shule. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, fedha za uendeshaji huletwa kwenye akaunti ya shule, na pasipo na mhasibu, mwalimu ndiye huandika hati za malipo, hutunza stakabadhi na hujaza daftari la fedha. Huifanya kazi hiyo katikati ya vipindi, aghalabu bila kuisomea. Mtu wa namna hiyo huujua uhasibu kwa sura moja tu: hoja ya mkaguzi. Si ajabu akiwaonya wanafunzi wake wajiepushe nao.

Hata hivyo, shida hiyo yenyewe ndiyo ushahidi kwamba wahasibu wanahitajika. Mhasibu si mlinzi wa sanduku. Ndiye amwezeshaye mkuu wa shule kujua mwezi Machi kwamba fedha za karatasi za mitihani hazitafika Novemba. Mkulima wa mbaazi anayepeleka magunia yake kwenye chama cha ushirika huhitaji leja inayoonyesha uzito, bei na makato, ili asilipwe kwa maneno. Kikundi cha wanawake au vijana kinachokopa katika asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri husimama au huanguka kwa daftari lake. Penye hesabu mbovu, anayeumia kwanza ni mnyonge.

Njia ya kuifikia taaluma hii iko wazi. Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1972, nayo ndiyo husimamia mitihani inayomfikisha mtu kwenye sifa ya CPA. Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi hapa Babati. Kijana anaweza kuianza safari hiyo bila kuuhama mkoa wake. Aliye hodari katika hisabati asiambiwe kwamba anapoteza kipaji, na aliye wa wastani lakini mwangalifu na mwaminifu asikatishwe tamaa.

Yanayoombwa kwa walimu ni machache. Uhasibu utajwe darasani pamoja na udaktari na uhandisi, si baada ya nafasi hizo kujaa. Mhasibu wa halmashauri aalikwe siku ya ushauri wa kazi, aeleze shughuli zake na aulizwe maswali, hata yale ya wizi na rushwa. Klabu ya wanafunzi ikabidhiwe daftari la mradi wa bustani au kuku, ilinganishe mapato na matumizi kila mwezi mbele ya wenzao.

Mwanafunzi aliyewahi kuitafuta shilingi mia tano iliyopotea kwenye hesabu, akaipata, hatahitaji kuhubiriwa thamani ya kazi hiyo.