Mkaguzi wa Ramani Ataje Kifungu

Tangu tarehe 1 Januari, 2011, jimbo la California, Marekani, hutekeleza kanuni za lazima za ujenzi unaohifadhi mazingira. Choo cha kuvuta, kwa mfano, kisitumie zaidi ya lita 4.85 za maji kila kinapovutwa. Hapo mkaguzi wa ramani hana la kufasiri; husoma kipimo tu.

Kazi huanza mjenzi anapoleta njia isiyotajwa. Kanuni hizohizo huruhusu njia mbadala, mradi iidhinishwe. Mkaguzi mwoga huikataa kwa kuwa haikuandikwa. Mzembe huipitisha kwa maneno matupu. Anayejua wajibu wake hudai hesabu na vipimo, na akikataa hutaja kifungu. Asiyetajiwa kifungu hurudi bila kujua arekebishe nini, huku mafundi wakimngoja.