Simeoni wa Nguzo



Huko Siria, si mbali na mji wa Aleppo, mtawa mmoja aitwaye Simeoni aliishi juu ya nguzo ya mawe kwa miaka ipatayo 36, hata alipofariki mwaka 459. Jua lilimchoma na baridi ilimtesa akiwa huko huko juu. Askofu Theodoret, aliyemfahamu, ameandika kwamba mtu mmoja alijaribu kuhesabu mara alizoinama katika sala. Alipofika 1,244 akachoka, akaacha.

Tukiri kwamba jambo hili latushangaza, pengine latuchukiza. Mungu ana haja gani na nguzo? Hata monasteri alimoishi awali ilikuwa imemwondoa kwa kujitesa kupita kiasi, na yasimuliwa kwamba wazee wa jangwani walijiuliza kama huo ni utakatifu au ni majivuno. Twawajua watu wanaofunga, kisha wakawadharau wanaokula. Mara nyingine watu hao ni sisi wenyewe.

Basi wazee wakatuma mjumbe amwamuru ashuke. Akikataa, ashushwe kwa nguvu, akitii, aachwe. Simeoni aliposikia amri hakujitetea, wala hakuhesabu miaka yake. Alinyosha mguu mara moja ili ashuke.

Mjumbe akamwambia abaki. Akabaki, na kila siku, baada ya saa tisa alasiri, aliwafundisha watu waliokusanyika chini ya nguzo, akasikiliza mashauri yao na kuwapatanisha waliogombana.