Jiwe la Kunolea: Kikundi Kinunue Lipi?

Mazungumzo na vikundi vya useremala, Kisii na Nyamira



Leo tuzungumze juu ya kifaa ambacho vikundi vingi hukisahau. Tunachanga pesa, tunanunua randa, patasi na msumeno, halafu jiwe la kunolea tunasema, "Tutaokota lolote." Basi patasi inanolewa kwenye sakafu ya saruji. Makali yanapata mapengo, tunanoa tena kuyaondoa, chuma kinaliwa bure. Kifaa cha michango yetu kinakwisha kabla hakijarudisha pesa yake. Na mbao za mkaratusi hazina huruma kwa kisu butu: mlango unatoka umechanika, mteja anaenda kwa fundi mwingine.

Mtauliza, "Sisi watu wa Gusii tukose mawe, na Tabaka iko hapa?" Ni kweli, lakini tazameni wachongaji wa Tabaka: jiwe lile wanalikata kwa panga na kisu. Jiwe linalochongwa na kisu haliwezi kukinoa. Ni laini mno. Mawe ya mtoni nayo mengine ni magumu, lakini chembe zake hazilingani. Moja kubwa inatosha kuleta pengo.

Kama pesa ni ya jiwe moja tu, nunueni la kiwandani lenye pande mbili. Dukani angalieni haya:

1. Ukubwa. Jiwe la inchi 8 kwa inchi 2 linatosha kisu cha randa cha kawaida. Vijiwe vidogo ni vya visu vya jikoni.

2. Pande. Upande mmoja ukwaruze, wa kuondoa mapengo. Wa pili uwe laini, wa kumalizia. Namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi: 240 ni laini kuliko 120.

3. Usawa. Wekeni rula juu yake. Mwanga ukipita katikati, au mkiona ufa, rudisheni.

Wakati wa kunoa, tumieni maji au mafuta mepesi kama ya cherehani. Mafuta ya kupikia yanaganda na kuziba jiwe. Tumieni jiwe lote, si katikati tu, lisije likafanya shimo. Noeni upande wa mshazari mpaka msikie ukingo mdogo wa chuma nyuma ya makali. Kisha lazeni mgongo bapa kabisa juu ya jiwe, mwondoe ukingo huo.

Na kama hata jiwe moja ni ghali? Chukueni kipande cha kioo kinene, mlaze juu yake msasa wa maji namba 400, halafu 1000. Unaisha haraka, lakini unanoa vizuri.

Msikimbilie grainda. Ni nzuri kwa patasi iliyovunjika, lakini chuma kikipata moto hadi kugeuka buluu, ugumu wake umekwenda. Chovyeni majini kila mara.

Mwisho, jiwe la kikundi liwe na mtunzaji na daftari. Likiwa la wote bila mwenyewe, litapatikana siku moja limevunjika vipande viwili, na hakuna aliyeliangusha.

Katika mkutano wenu ujao, kila mmoja alete patasi yake. Mtaona wenyewe ngapi zinahitaji jiwe kabla ya kununua nyingine mpya.