Neno Maono: Hotuba ya Kamati ya Kwaya, Siku ya Jubilii

Wageni wetu, mmevuka Mto Athi kutoka Kitui kuja kwetu Makueni.

Tuliombwa tuseme juu ya maono ya kwaya. Tulipokaa kuandika, tukaona neno lenyewe limetuponyoka. Ndoto tunaijua, humjia kila alalaye. Njozi ni ndoto yenye uzito. Kitabu cha Danieli kinazitaja zote mbili. Ufunuo ni Mungu mwenyewe kufungua pazia. Serikali nayo ilipozindua mpango wa 2030 mwaka 2008, kwa Kiswahili ukaitwa Ruwaza, yaani kielelezo cha kufuata. Lakini maono yametoka katika kuona. Asiyeona kitu hana maono, hata akiwa na bajeti.

Mashahidi tunao hapa Ukambani. Krapf, akiwa Kitui tarehe 3 Desemba 1849, aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Wako wasomi wa Ulaya waliokataa kuamini kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Naye Peter Cameron Scott alifika Nzaui, hapa Makueni, mwaka 1895, akiona moyoni mlolongo wa vituo vya misheni toka pwani hadi Ziwa Chad. Desemba 1896 akafa kwa homa, umri miaka 29. Ziwa hakuliona. Wenzake waliingia Kongo mwaka 1912.

Sasa la kwetu. Mwaka ule wa kwanza, mama mmoja wa sauti ya alto alitueleza njozi: ametuona tukiimba ng'ambo ya Athi, na watu tusiowajua wakituitikia. Tulicheka. Tukamwambia ni muthokoi wa jana usiku. Hatukuvuka mto mpaka miaka kumi na mmoja baadaye, tulipoalikwa mazishini, na walioitikia siku ile ndio nyinyi mlioketi safu za mbele. Mama alikuwa amekwisha kuzikwa. Hatukuwahi kumwomba radhi. Watoto wake wako hapa leo, tunawaomba wao.

Ukurasa unaofuata mtaona orodha: sare mpya, kinanda, kurekodi albamu. Kichwa chake kilikuwa "Maono ya Kwaya". Tumekifuta, tukaandika "Mipango".