Namba ya damu baada ya kupasuliwa pafu: sanduku letu lilipie nini?

Maneno ya kamati ya afya, yaliyosomwa mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu



Leo hatukuja na habari ya mbegu wala ya mabati. Tumekuja na karatasi za labo. Tangu tuvuke ziwa kurudi kwetu, sanduku la kusaidiana limeguswa na ugonjwa ambao kule kambini hatukuusikia sana: kansa ya mapafu. Wachache wetu wamepita mpaka, wakapasuliwa, wakaondolewa sehemu ya pafu, wakarudi wakiwa hai. Tunamshukuru Mungu. Lakini wanarudi na bahasha, na ndani ya bahasha mna karatasi yenye herufi: CEA, CYFRA 21-1, SCC, NSE, na mbele ya kila moja namba. Kisha familia inakuja kwa kamati: "Tumeambiwa damu ipimwe kila mwezi. Sanduku litalipa?"

Hilo si swali la munganga peke yake. Franga inayokwenda kwenye kipimo kimoja haitakwenda kwenye kingine, na sanduku ni moja tu. Ndiyo maana tuliketi, tukauliza wenye kujua, tukasoma, na sasa tunawaeleza tulichokielewa, halafu tupige kura.

Kwanza, hizo herufi ni nini. Ni majina ya vitu vinavyotoka kwenye uvimbe na kuingia katika damu. CEA ni protini ambayo matumbo ya mtoto aliye tumboni mwa mama huitengeneza kwa wingi. Mtoto akizaliwa, inabaki kidogo tu. Seli za kansa zikiharibika akili, zinaanza tena kuitengeneza kama zamani. Iligunduliwa mwaka 1965 kule Montreal, Kanada, na madaktari wawili, Gold na Freedman, nao walikuwa wanachunguza kansa ya utumbo mkubwa, wala si ya mapafu. Baadaye ndipo ikaonekana kwamba hata kansa ya mapafu, hasa aina ile inayoanzia kwenye tezi za kamasi, huitoa. CYFRA 21-1 ni kitu kingine kabisa: ni vipande vya nguzo zinazoishikilia seli isimame. Seli ikifa, nguzo zinavunjika, vipande vinaelea kwenye damu. Hiyo na SCC huonekana zaidi kwenye kansa ya aina ya magamba, ambayo mara nyingi hufuatana na sigara. NSE ni ya kansa ya seli ndogo, na hiyo ni mara chache kupasuliwa, maana inasambaa mbio.

Sasa, namba hizo zinasema nini kwa mtu aliyepasuliwa? Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo pesa inapotokea.

Tuchukue watu wawili. Wote wamekutwa na uvimbe wa ukubwa uleule, haujafika kwenye tezi, wote wamepasuliwa vizuri. Mmoja alikuwa na CEA ya chini kabla ya upasuaji, mwenzake alikuwa nayo juu. Wajapani wamelifuatilia jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2004 walitoa hesabu ya upasuaji 1,000 uliofuatana, wa watu ambao kansa yao ilidhaniwa kuwa bado ni ya hatua ya kwanza. Waliokuwa na CEA juu kabla ya kisu walienda vibaya kuliko wenzao. Na walio hatarini zaidi walikuwa wale ambao CEA yao ilibaki juu hata baada ya uvimbe kuondolewa.

Sababu inaeleweka hata kwa mkulima. Ukishang'oa mti wote, majani hayadondoki tena uani. Kama bado yanadondoka, kuna tawi lililobaki mahali ambapo macho hayajafika. CYFRA inaondoka katika damu kwa saa chache, CEA inachukua siku kadhaa kupungua nusu yake, kwa hiyo ndani ya wiki chache baada ya upasuaji namba inapaswa kuwa imerudi chini. Isiporudi, munganga ana haki ya kuuliza kama kuna seli zilizokwisha kutoroka, ambazo hata skaneri haizioni bado.

Lakini shikeni neno hili: hiyo ni habari ya kundi, si hukumu ya mtu. Wapo walioingia chumba cha upasuaji na CEA juu na miaka kumi baadaye wanalima. Wapo walioingia nayo chini kabisa na kansa ikarudi, kwa sababu kansa nyingine hazitoi CEA hata kidogo. Kitu kinachoongoza bado ni hatua ya ugonjwa: ukubwa wa uvimbe, kama tezi za kifuani zimeguswa, kama umefika mbali. Ndicho madaktari wanachotazama wanapoamua kama mtu aongezewe dawa za kansa baada ya kisu. Namba ya damu haimo katika mizani ile ya kupanga hatua. Ni shahidi wa pembeni, anasikilizwa baada ya wengine.

Na shahidi huyu anadanganywa kirahisi. Mvuta sigara huwa na CEA juu kidogo bila kansa yoyote. Labo nyingi huweka mpaka kwenye 5, naye anaweza kuupita na ni mzima. Ini likiumwa, CEA hupanda, maana ini ndilo linaloisafisha. Figo zikichoka, CYFRA hupanda. Kifua kikuu nacho kinachafua hesabu, na nchi yetu ni mojawapo ya zile ambazo Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa na mzigo mkubwa wa TB. Kwa hiyo mtu wetu aliyepasuliwa akianza tena kukohoa na namba ikapanda, asilie kwanza. Apimwe makohozi. Kipimo cha TB kiko karibu kuliko skaneri, na TB ina dawa.

Kuna la barabara pia, na hili nyinyi mnalijua kuliko wenye kuandika vitabu. NSE imo ndani ya chembe nyekundu za damu. Chupa ya damu ikifungwa kwenye pikipiki, ikarushwarushwa mashimoni nusu siku kwenye jua kabla ya labo kuitenganisha, chembe zinapasuka na NSE inamwagika. Namba inapanda juu sana, na mgonjwa hana jipya lolote: iliyougua ni chupa. CEA inavumilia safari vizuri zaidi, lakini nayo inataka ubaridi. Basi tunasema: mgonjwa asafiri kwenda labo, damu isisafiri kwenda labo. Ni nauli, ndiyo, lakini ni nauli ya jibu la kweli.

Tena, mashine za kampuni mbalimbali hazipimi sawasawa. Nne ya labo moja inaweza kuwa sita ya labo nyingine, damu ileile, siku ileile. Mtu aliyepimwa ng'ambo ya ziwa kabla ya upasuaji, kisha akapimwa mjini kwetu, hawezi kuziweka namba hizo mbili kwenye mstari mmoja na kusema imepanda. Na wale wanaomeza vidonge vya nywele na kucha walivyotumiwa na ndugu zao wa Ulaya na Amerika: vingi vina biotini nyingi, na biotini inaweza kuichanganya mashine ikaandika CEA ya chini isiyo ya kweli. Viachwe siku kadhaa kabla ya kutoa damu, na mwenye labo aambiwe.

Sasa tuje kwenye "kila mwezi".

Katika Japani ni kawaida kufuatilia namba hizi baada ya upasuaji. Lakini chama cha madaktari wa kansa cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kimesema wazi kwamba namba za damu zisitumiwe kama njia ya kutafuta kansa iliyorudi. Wanachokitaka ni skaneri ya kifua kila miezi sita kwa miaka miwili ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwaka. Mbona wanatofautiana? Kwa sababu namba inaweza kupanda miezi mingi kabla ya skaneri kuonyesha kitu, na katika miezi hiyo hakuna anayejua aitibu wapi. Na bado haijathibitishwa kwamba kuijua mapema kwa njia hiyo kunamfanya mtu aishi zaidi.

Sisi tunaona wote wana sababu zao, lakini sanduku letu si sanduku la Tokyo. Mwenye skaneri kwenye kona ya mtaa anaweza kuona namba imepanda Jumatatu na akaingia kwenye mashine Jumatano. Mwenzetu wa huku akiona namba imepanda, anaanza kutafuta pesa ya boti, pasi, mahali pa kulala, na mtu wa kumlindia watoto. Tukimaliza pesa kwenye namba kumi na mbili za mwaka, siku ya skaneri sanduku litakuwa kavu.

Mzee mmoja wetu, aliyepasuliwa, alituuliza jambo ambalo lilitunyamazisha. Alisema: "Namba ikipanda na hakuna dawa ninayoweza kuilipa, mnanipimia nini?" Hatukumjibu upesi. Baadaye tulimwambia kwamba ni haki yake kukataa, na kwamba mwingine katika hali ileile angetaka kujua, ili agawe shamba akiwa na nguvu, ili amwite mtoto aliyebaki Nyarugusu aje. Kamati haitamlazimisha mtu kujua, wala haitamficha anayetaka kujua. Lakini munganga na mgonjwa waliongee hilo kabla ya sindano, si baada ya bahasha kufunguliwa mbele ya ukoo mzima.

Neno moja kwa walio wazima, maana tumesikia. Mjini kuna watu wanauza "kipimo cha kansa cha damu" kwa yeyote mwenye kikohozi. Namba hizi hazikutengenezwa kumtafuta mgonjwa katikati ya wazima. Mwenye kansa changa anaweza kuwa na namba nzuri kabisa, akaenda nyumbani na kulala usingizi. Mzima anaweza kuwa na namba mbaya na kuuza ng'ombe kwa hofu. Ukikohoa wiki mbili, nenda kapimwe TB. Ukitema damu, ukikonda, dawa za TB zisiposaidia, hapo omba picha ya kifua. Na sigara, ndugu zetu, tuiache. Hilo halina labo.

Basi, mapendekezo tunayoyaleta kwenu ni haya. Mtu akipatikana na uvimbe wa pafu, sanduku lisaidie kwanza kipande cha nyama kichunguzwe, maana bila kujua aina yake hata hizo herufi hatujui ni ipi ya kutazama. Kisha skaneri. Daktari wa upasuaji akiomba CEA au CYFRA kabla ya kisu, tulipe mara hiyo moja, kwa sababu namba ya baada bila namba ya kabla ni nusu ya hadithi. Tulipe tena mara moja baada ya upasuaji, wiki nne hivi zikipita, labo ileile. Ikiwa imebaki juu, tulipe irudiwe kabla ya mtu kutishwa. Hatutalipa ya kila mwezi, na hatutalipa herufi zote kwa mkupuo. NSE kwa mtu ambaye kansa yake si ya seli ndogo, hapana. Fedha inayobaki iwekwe upande wa safari za skaneri, miezi sita kwa miezi sita, kwa miaka miwili. Na iwepo akiba ya dawa za maumivu, maana yupo atakayezihitaji na hatutaki aombe mara mbili.

Kwa marafiki mnaotuchangia: mkiona kwenye hesabu ya mwaka fungu la nauli limekua na fungu la labo limepungua, ndiyo sababu.

Kila aliyepasuliwa alete karatasi zake zote, hata zilizokunjika. Mwandishi wa kamati atazinakili kwenye daftari moja: tarehe, jina la labo, namba, kipimo kilichotumika, na kama siku ile mgonjwa alikuwa na homa, TB au anavuta sigara. Daftari litakaa kwenye sanduku lenye kufuli, na anayelifungua ni mwenyewe au aliyemruhusu. Akienda kwa munganga, anakwenda na ukurasa wake.

Kura inapigwa baada ya maswali. Mama pale nyuma aliyeinua mkono tangu mwanzo, karibu, anza wewe.