Dakika Ishirini za Kupumzika

Waingereza wanasifika kwa kikombe chao cha chai kazini, lakini ni mwaka 1998 tu ambapo haki ya kupumzika iliandikwa katika kanuni zinazowahusu wafanyakazi walio wengi, kwa kufuata agizo la Ulaya la mwaka 1993. Mtu mzima ambaye zamu yake inazidi saa 6 anastahili dakika 20 mfululizo, mbali na mahali pake pa kazi. Kima cha chini cha mshahara kwa nchi nzima kilifuata Aprili 1999, kikiwa pauni 3 na peni 60 kwa saa.

Hata hivyo, kanuni hizo hazimlazimishi mwajiri kuzilipia dakika hizo. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia.

Tuseme mama mmoja kutoka Mombasa ameajiriwa katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Leicester. Zamu yake ni ya saa 12, naye hulipwa 11, kwa kuwa moja inahesabiwa kuwa ya mapumziko. Anaketi, anamimina chai, kengele inalia: mzee ataka kupelekwa msalani. Chai inapoa. Hali ikiwa hiyo kila zamu, kwa zamu 4 za wiki atakuwa amefanya kazi saa 4 za bure. Na kama analipwa kima cha chini, wastani wa malipo yake umeshuka chini ya kiwango cha sheria.

Mwajiri huenda akajitetea kwamba wagonjwa hawasubiri. Ni kweli, na ndiyo maana hospitali na nyumba za wazee zimeruhusiwa kuahirisha mapumziko. Zinatakiwa, lakini, kuyafidia kwa muda mwingine.

Na kungoja kazi si kupumzika. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufaa ilisikiliza shauri la wapakiaji wa vyakula vya ndege katika uwanja wa Gatwick, ambao mwajiri wao alidai kuwa hupumzika wanapongoja ndege nyingine. Majaji walikataa: mfanyakazi sharti ajue, tangu muda huo unapoanza, kwamba ni wake autumie apendavyo.

Mama yule, ikiwa anasita kuzozana na msimamizi wake, aanze na daftari: tarehe, saa aliyoketi, saa aliyoitwa. Kisha apige simu Acas, shirika la umma litoalo ushauri wa bure kuhusu masuala ya kazi, akiwa na daftari hilo mkononi.